Kiswahili Kimechoka Kulinda Kizuizi: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Runinga na Filamu Uganda

Waheshimiwa wa Tume ya Mawasiliano, wa shirika letu la utangazaji UBC, wa Baraza la Vyombo vya Habari linalotuamulia filamu ipi ni ya watoto na ipi si ya watoto, na nyote mnaokaa kwenye viti vya kuzunguka,

Shikamooni. (Jibu lake ni "marahaba". Nawaandikia kabisa ili pasiwe na aibu.)

Mimi ni mkaanga chapati wa Walukuba, Jinja. Wateja wananiita Mama Chapati na jina hilo linatosha. Meza yangu imeegemea ukuta wa mabati wa kibanda cha video, mwaka wa kumi na nne sasa. Kwa hiyo filamu nyingi nimezisikia tu, sikuziona. Najua steringi, yule shujaa wa filamu, amemfikia adui mkubwa kwa jinsi mabenchi yanavyolia ndani, na hapo ndipo naongeza madonge kwenye sinia, maana dakika kumi zijazo mlango utafunguliwa na watu watatoka na njaa na maoni. Njaa naitibu. Maoni nimeyasikiliza miaka yote hii, na leo nimeamua kuwaletea, pamoja na ombi langu: Kiswahili kipewe nafasi ya kuchekesha kwenye runinga na filamu zetu.

Kwa asiyeijua Walukuba, ni mtaa wa nyumba za wafanyakazi uliojengwa zama za mkoloni, viwanda vilipokuwa vinaota Jinja kwa nguvu ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Baba yangu alitoka Kitgum akaja kiwanda cha nguo. Mama ni Msamia wa Busia. Jirani wa kulia walikuwa Walugbara, wa kushoto Wagisu, na nyuma yetu mzee mmoja Mnubi aliyefuga bata waliokuwa wakila mboga za kila mtu bila ubaguzi. Mlitaka tugombane nao kwa lugha gani? Tuligombana kwa Kiswahili, tukakopeshana chumvi kwa Kiswahili, tukatongozana na kuzikana kwa Kiswahili hichohicho.

Nilipofika darasa la tano nikapelekwa kwa shangazi, Busia ya ng'ambo, upande wa Kenya. Huko ndiko nilikoona Kiswahili kikifanya kwenye runinga kazi ambayo kwetu sikuwahi kukiona kikiifanya: kuchekesha. Shangazi alikuwa na runinga ndogo iliyotumia betri ya gari. Siku za Vitimbi na Vioja Mahakamani, vile vipindi vya vichekesho vya Kenya, uani palijaa mpaka kuku wakahama. Mzee Ojwang, mchekeshaji wa vipindi hivyo, alikuwa akiongea Kiswahili chenye Kijaluo ndani yake, na mume wa shangazi, Mjaluo kamili, alikuwa akipiga magoti kwa kucheka. Miaka mingi baadaye ndipo akaambiwa kwamba jina halisi la yule bwana ni Benson Wanjau na ni Mkikuyu. Alikataa. Mpaka mzee yule anafariki mwaka 2015, mume wa shangazi alikuwa bado anadai redio zimekosea kabila.

Sasa maoni ya mezani kwangu. Ubishi wa kwanza, usio na mwisho, ni kwa nini steringi hafi. Mmoja atasema hafi kwa sababu filamu ingeisha. Mwingine, dereva wa boda, ana elimu yake: "Steringi hafi kwa sababu ndiye anayeshika hela ya mafuta ya jenereta." Ubishi wa pili ni nani bingwa wa kuchekesha Afrika Mashariki. Wapenzi wa filamu za Bongo hawataki kusikia jina lingine zaidi ya King Majuto, yule mzee wa Tanga aliyetuacha Agosti 2018. Akitokea mlangoni tu, kabla hajafungua mdomo, mtu ameshamwaga chai. Wengine wanasema hapana, ni Kansiime wetu wa Kabale, ambaye anakutazama tu na unajua umetukanwa pamoja na ukoo. Mimi niko na Majuto, lakini nauza chapati kwa wote, kwa hiyo huwa natikisa kichwa kila upande.

Filamu ya Queen of Katwe, ile ya Kiingereza kuhusu binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, ilipoonyeshwa, fundi baiskeli mmoja alitoka nje akaniuliza kwa huzuni ya kweli: "Mama, Katwe gani hiyo watoto wanauza mahindi kwa Kiingereza?" Na ile nyingine ya Idi Amin, The Last King of Scotland, ilizua kesi ya wiki nzima. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili aigize nafasi ile, akaenda akachukua Oscar mwaka 2007. Yule mzee Mnubi wa bata, wakati huo yu hai, alisikiliza habari hiyo akatema ushahidi wake: "Mmarekani amekisoma kwa ajili ya filamu moja. Sisi tuna Katiba nzima na bado tunangoja mwalimu."

Hapo ndipo penye neno langu.

Katika filamu zetu wenyewe, za Kiganda na za Kiingereza, nikisikia Kiswahili kupitia mabati yale najua mara moja nani ameingia. Ameingia mtu wa buti. "Toa kitambulisho." "Lala chini." "Wewe, kuja hapa." Asipokuwa askari ni mwizi, asipokuwa mwizi ni mlinzi wa geti aliyelala. Miaka kumi na minne sijasikia katika filamu ya Uganda mtu akimposa mtu kwa Kiswahili. Sijasikia mama mkwe akisengenya kwa Kiswahili, wala mtoto akiomba hela ya shule, wala mlevi akijitetea kwa mkewe usiku wa manane, na huyo mlevi, niamini, hapa Walukuba anajitetea kwa Kiswahili safi kabisa. Lugha tunayolala nayo na kuamka nayo, kwenye filamu imepewa kazi moja tu: kulinda kizuizi barabarani.

Siwalaumu watunzi peke yao. Yuko mama mmoja wa Kiganda, mteja wangu wa asubuhi, anayenunua chapati mbili na kunisalimu kwa Kisoga ili asinisalimu kwa Kiswahili. Siku moja konda alipita akiita abiria kwa mzaha, "Panda gari! Panda gari!" Chapati zikamwanguka mkononi. Miaka ya mwanzo ya 1980 maneno hayo mawili hayakuwa ya konda. Yalikuwa ya askari, gari lilikuwa lori, na kuna waliopanda wasirudi. Kabla ya hapo Amin alikuwa amekitangaza Kiswahili lugha ya taifa kwa amri, mwaka 1973, na kabla ya Amin kilikuwa lugha ya kambi tangu jeshi la Mwingereza. Mama yule hahitaji kuelezwa faida za mtangamano wa Afrika Mashariki. Hajawahi kukisikia Kiswahili kikimwambia jambo la kuchekesha, basi.

Nanyi mmekipa vyeo. Mwaka 2005 kiliingizwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umekiweka darasani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakaa, likakipitisha tena. Tunashukuru. Ila binti yangu wa kidato cha pili ana rafiki, Msoga, anayekariri "kiti viti, kikombe vikombe" kama mtu anayemeza kwinini. Mtoto huyohuyo ana mistari ya VJ, mtafsiri wa filamu, wa kibanda chetu kichwani, yote, tangu Januari, na hakuna mwalimu aliyemwambia aikariri.

Huyo VJ niwaeleze vizuri, maana ndiye sababu ya barua hii. Jina simtaji, ana mama yake. Alianza akiwa mfagizi wa kibanda. Kama mnavyojua, au kama madereva wenu wanavyojua, filamu ya kigeni hapa Uganda haitazamwi kavu. Kuna VJ anayeishika maiki, anashusha sauti ya filamu, anatafsiri, anaongeza chumvi, kisha anaipandisha sauti ngumi zinapoanza. Wakubwa wa kazi hiyo, kina VJ Jingo na VJ Junior, wanaifanya kwa Kiganda, na wanaijua hasa. Usiku mmoja wa mvua flashi yenye filamu ya Kiganda ikagoma. Ndani watu mia hivi wameshalipa. Mwenye kibanda akaweka nakala ya Kiingereza, kavu, na mabenchi yakaanza kulia vibaya, si kwa utamu. Yule kijana akaacha ufagio, akachukua maiki, akaanza kwa lugha aliyonayo.

Steringi anamuaga mchumba wake kituo cha treni. Kijana: "Anamwambia, mpenzi, usilie, nitarudi. Nitarudi! Hata baba yangu alisema anakwenda Main Street kununua sukari." Kimya kidogo, halafu kibanda kikapasuka. Adui anaanguka kutoka ghorofa ya arobaini: "Anashuka! Anashuka! Na nauli hajalipa!" Magari yanafukuzana dakika saba nzima: "Hawa ndugu wangepanda boda wangekuwa wameshafika Bugembe wanakunywa chai." Rais wa Marekani anapigiwa simu ya siri: "Anasema, mheshimiwa, ongea haraka, bando langu ni la jirani."

Mimi nje nimeshika kijiko, chapati inaungua, nacheka peke yangu kama kichaa. Ukuta wa mabati ulikuwa unatetemeka mgongoni. Mle ndani walikuwamo Waacholi, Wasoga, madereva wa malori waliolala njiani, Wakongo wawili wauza vitenge, na kila mmoja alicheka palepale, kwa pamoja, bila kumsubiri jirani amfafanulie. Nimesikia vicheko vingi kupitia ukuta ule. Vingi huja kwa mafungu: kwanza wanaojua Kiganda, halafu waliofafanuliwa, halafu yule wa mwisho anayecheka kwa adabu. Usiku ule kilikuwa kicheko kimoja. Na niongeze, kwa kuwa mimi ni mfanyabiashara, kwamba unga uliniishia saa tatu.

Tangu hapo Jumatano na Jumamosi ni Kiswahili.

Mwaka jana alijirekodi, akafunga safari hadi kituo kimoja cha runinga ambacho sitakitaja. Dada wa mapokezi alicheka mpaka akafuta wanja. Mkubwa wake naye akatabasamu, kisha akasema maneno ambayo kijana aliyarudisha Walukuba kama mtu aliyebeba maiti: "Ni kizuri, lakini Kiswahili ni cha mapolisi. Nani ataweka tangazo?"

Nimelifikiria swali hilo nikisukuma chapati, na jibu ninalo. Tangazo la sabuni linamtafuta nani? Mtu anayefua. Wenyeji wa Arua hawafui? Wa Kasese, wa Tororo, wa Malaba, wa Bombo? Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako Wakongo wamekaa miaka na miaka, wanapaka nini mwilini, matope? UNESCO inahesabu wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Hao wote hawawezi kuwa polisi, wangemkamata nani?

Halafu kuna jambo linalonichoma zaidi kama Mganda. Nendeni kwenye laibrari yoyote ya filamu, vile vibanda vya kujaziwa flashi, Busia au hapa Jinja, mwombe filamu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Utapewa DJ Afro wa Kenya, au zile za Tanzania. Wamefanya kazi nzuri, nawapongeza. Lakini ni sisi ambao kila mgeni anayekuja kuandika habari za filamu Afrika anatusifu kwa maVJ wetu. Mchele tunalima, pilau tunanunua Nairobi.

Tena msiniambie kazi ya VJ ni ya kihuni isiyo na faida kwa taifa. Wakaliga, mtaa wa Kampala ambao mvua ikinyesha hata bata wanatafuta njia nyingine, Isaac Nabwana aliyekuwa akifyatua matofali alitengeneza Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa bajeti inayosemwa haikufika dola 200. Bunduki za vyuma chakavu, helikopta ya kompyuta. Imetazamwa mara mamilioni kwenye YouTube. Na nusu ya utamu wake ni VJ Emmie anayepiga kelele juu yake. Nakala ya mwanzo, isiyo na sauti yake, haipo tena; Nabwana aliifuta kwenye kompyuta apate nafasi ya kazi nyingine. Kilichobaki, kilichozunguka dunia, ni ile yenye mizaha. Nawaomba mkae na jambo hilo kidogo, hasa nyinyi wa vyeti na mihuri.

Najua mtakachonijibu: haki miliki. Ni kweli. Sheria ya mwaka 2006 ipo, na filamu za Marekani zinazochezwa nyuma ya meza yangu hakuna aliyemwandikia mwenyewe barua. Siwezi kuandika barua ya wazi halafu nifiche hilo. Lakini dawa yake mnayo mikononi, nayo ni ileile ya Wakaliga: filamu ni ya kwetu, mwenyewe yupo, anampa VJ ruhusa, wanagawana. Filamu za Uganda zinakufa zikiwa na wiki mbili kwa sababu zimefungiwa katika lugha moja na mji mmoja. Zipeni sauti ya pili ya Kiswahili, kwa mkataba, na mtunzi wa Kampala atauza Bunia, Kisumu na Mwanza bila kutoka kitandani.

Hofu nayo ipo, nisijifanye siijui. Julai 2020 vijana wanne wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa ajili ya kichekesho chao, na tangu siku ile VJ wetu akikaribia habari za wakubwa huwa anakohoa kwanza. Kichekesho ambacho mkubwa hakielewi huonekana tusi. Ndiyo maana nasema mkijifunza mzaha wa Kiswahili mtapunguza hata kazi ya mahabusu: mtajua sasa hivi anatusema sisi, na sasa hivi anamsema mama mkwe wake tu.

Ninachoomba si kikubwa. Mnataka asilimia 70 ya vipindi vya saa za jioni viwe vya nyumbani. Vizuri, ndani ya hiyo 70 mtuambie Kiswahili kina ngapi, na habari na hotuba msizihesabu, maana hizo hakuna anayezicheka kwa makusudi. UBC ni yetu sote, kodi ya unga wangu imo humo. Tupeni nusu saa ya vichekesho vya Kiswahili kwa wiki, usiku, si saa tisa alasiri watu wakiwa kazini. Tamasha la Filamu la Uganda, mlilolianzisha nyinyi wa Tume mwaka 2013, liwe na jukwaa la maVJ washindane hadharani, kila mmoja na lugha yake, filamu moja mbele ya watu walewale. Nitakuja na kikaango changu.

Na kwa watunzi, maana najua wanazisoma barua zenu kabla yenu: mara moja tu, mpeni yule askari wa kizuizini mchumba. Aongee naye kwenye simu. Amwombe radhi. Tuone Kiswahili kikinyenyekea.

Njooni mjionee. Jumatano saa mbili usiku, kiingilio shilingi elfu moja, kaeni benchi la pili kwa sababu la kwanza lina msumari. Chapati nitawawekea. Ila mkija, tafadhali, msimlete afande yeyote mwenye sare awatangulie mlangoni. Akisema tu "habari za jioni", hata kwa upole wa namna gani, nusu ya kibanda itatorokea dirishani, na VJ atakuwa wa kwanza.

Wenu,
Mama Chapati,
Walukuba, Jinja